Namna ya Kujenga Mfumo wa Chakula wa Mkoa kwa Ushirikiano wa Vijiji: Mfano wa Morogoro

Mkoa wa Morogoro unazalisha karibu kila kitu kinachohitajika mezani. Mpunga unatoka Kilombero, Dakawa na Turiani, mahindi yanatoka Gairo na Kilosa, ndizi na viungo vinateremka kutoka Kinole na Matombo, na Mgeta inalisha masoko kwa kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo. Hata maziwa ya mbuzi yapo, kwa kuwa mbuzi wa maziwa kutoka Norway waliletwa Mgeta katika miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Pamoja na neema hiyo yote, mkulima aliyeuza mahindi yake mwezi Agosti hujikuta mwezi Februari akinunua debe kwa bei iliyopanda mno, na kabichi huweza kuoza gulioni Nyandira siku ileile ambayo watoto wa shule ya mjini wanakula ugali na maharage bila jani la mboga. Mwongozo huu unaeleza jinsi vijiji kadhaa vinavyoweza kuungana ili chakula kinachozalishwa mkoani kiwafikie kwanza wakazi wa mkoa, kwa bei inayomlipa mkulima, na bila kuuchosha udongo. Nimeuandika kwa kuitazama Morogoro, lakini msomaji wa Lushoto, Njombe au Taita atatambua mahali pa kubadilisha majina ya mazao na ya masoko.

Anzeni na sufuria, kisha rudini shambani

Vikundi vingi huanza na uzalishaji. Vinatafuta mbegu bora, vinalima kwa pamoja, na mavuno yakishajaa ndipo vinapoulizana nani atanunua. Mpangilio huo ndio unaomrudisha mkulima mikononi mwa mnunuzi wa kwanza anayefika na lori. Kazi ya kwanza iwe kuhesabu walaji walio karibu na wasiohama, yaani shule, hospitali, mamantilie, mashine za kukoboa na kusaga, na wauza magenge. Kati ya hao wote, shule ndiyo mahali pazuri zaidi pa kuanzia, kwa sababu idadi ya wanafunzi inajulikana, kalenda inajulikana, na wazazi wanaochangia chakula ndio hao hao wanaolima.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Tuchukue shule yenye wanafunzi 400, na tuseme kila mmoja anakula gramu 100 za unga wa dona na gramu 30 za maharage kwa mlo mmoja wa mchana. Kwa siku moja zitahitajika kilo 40 za unga na kilo 12 za maharage, na kwa mwaka wa masomo wenye siku 194 mahitaji yatafikia kilo 7,760 za unga na kilo 2,328 za maharage. Takwimu hizo mbili, zikiandikwa kwenye karatasi na kusomwa katika mkutano wa kijiji, hubadilisha mazungumzo papo hapo, kwa sababu wakulima huacha kuzungumzia soko kama kitu kilicho mbali na huanza kuulizana ni kaya ngapi zinaweza kutoa magunia mangapi, na kwa mwezi gani. Fanyeni hesabu hiyo kwa kila mlaji mkubwa mliyemworodhesha, kisha gawanyeni mahitaji kwa miezi. Mtaona wenyewe kwamba pengo kubwa haliko kwenye nafaka. Liko kwenye mboga na matunda, na pia kwenye maharage kati ya Desemba na Machi.

Shule ya kutwa ya kijijini hukubaliana na wazazi wake kupitia kamati ya shule na serikali ya kijiji. Shule ya bweni ya serikali na hospitali hununua kwa utaratibu wa manunuzi ya umma, ambao sasa unapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kwa hiyo kikundi kinachotaka kuwauzia kinalazimika kuwa na usajili, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki. Shughulikieni nyaraka hizo mapema, wakati mahindi yangali shambani.

Mizani na daftari

Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu nina hakika kwamba ushirikiano wa chakula husimama au huanguka kwenye kipimo. Wakulima wanaweza kustahimili ukame na bei mbaya, lakini hawastahimili kwa muda mrefu kuhisi kwamba wamepunjwa na mwenzao. Debe la gulioni si lazima lilingane na debe la dalali, kwa kuwa debe huweza kubondwa kwa nje ili lipanuke, na gunia la lumbesa hufungwa likiwa na kilemba cha ziada ambacho mkulima halipwi. Sheria ya Vipimo inapiga marufuku lumbesa, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukiipiga vita miaka nenda miaka rudi, lakini marufuku haina nguvu mahali ambapo hakuna mizani.

Kwa hiyo kabla ya ghala, kabla ya trekta na kabla ya fulana za kikundi, nunueni mizani iliyohakikiwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na muiweke mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona inavyosoma. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 100 inatosha kwa kijiji kimoja. Kila mzigo upimwe mbele ya mwenye mzigo na shahidi mmoja, uandikwe katika daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, na mkulima aondoke na stakabadhi inayoonyesha tarehe, aina ya zao, uzito, daraja la ubora na bei. Anayepima asiwe ndiye anayeandika, na anayeandika asiwe ndiye anayeshika fedha. Watu watatu kwa kazi tatu huonekana wengi kwa kikundi kidogo, ila ni pungufu sana kuliko watu wanaohitajika kusuluhisha ugomvi baada ya msimu. Kila mwezi daftari lisomwe hadharani, jina kwa jina. Baadhi ya wanachama wataona haya kusomewa kiasi walichouza, nao ni vyema wakubaliane tangu mwanzo kwamba usomaji huo ndio kinga yao.

Wazee wana sababu ya kuuliza maswali magumu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na katika miaka iliyofuata wakulima wengi walikabidhi mazao yao wakasubiri malipo yaliyochelewa au yasiyofika kabisa. Mzee anayesema kwamba ushirika ni wizi anakumbuka jambo la kweli. Mwacheni aseme, kisha mwombeni awe mmoja wa wakaguzi wa daftari.

Umbo la ushirikiano wenu

Si kila ushirikiano unapaswa kuwa chama cha ushirika siku ya kwanza. Vijiji vitatu au vinne vinaweza kuanza na vikundi vilivyosajiliwa halmashauri, vyenye katiba fupi na kamati ya pamoja inayokutana mara mbili kwa mwezi, na baada ya misimu miwili vikaamua kama vinahitaji kusajili AMCOS, yaani chama cha ushirika cha kilimo na masoko, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Usajili huo unaleta uwezo wa kukopa na kuingia mikataba mikubwa, pamoja na ukaguzi wa hesabu na usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Unaleta pia gharama na makaratasi, na kikundi ambacho hakijazoea kusoma daftari lake hadharani kitaelemewa.

Jambo ambalo halipaswi kusubiri ni kuipeleka hoja mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana kila miezi mitatu na ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Makubaliano yanayohusu eneo la ghala, njia za mifugo au chanzo cha maji yakipitishwa hapo yanaweza kuwa sheria ndogo za kijiji, na mtendaji wa kijiji anapata msingi wa kuyasimamia. Makubaliano ya kikundi peke yake hayamfungi jirani asiye mwanachama.

Katika kamati, hakikisheni kuna mnunuzi. Mwalimu anayesimamia chakula shuleni, mama mmoja mwenye mgahawa na mwenye mashine ya kusaga wakikaa meza moja na wakulima, malalamiko kuhusu maharage yenye mawe au mchicha ulionyauka yanasikika wiki ileile badala ya kusubiri mkataba uvunjike. Je, dalali naye aingie? Kuna wanaomchukia bila kumsikiliza. Dalali anajua lori lipi linarudi tupu, anajua bei ya leo ya Dar es Salaam, umbali wa takribani kilomita 190, na mara nyingi ndiye aliyemkopesha mkulima ada ya mtoto. Mpeni kazi iliyo wazi yenye kamisheni iliyoandikwa kwa kila kilo, na msimpe mizani.

Kukausha na kuhifadhi

Bei ya mahindi huwa chini kabisa wakati kila mtu anavuna, hivyo kikundi kinachoweza kuhifadhi kwa miezi mitano kimeshapata nusu ya faida yake bila kuongeza hata shina moja. Hata hivyo, hifadhi mbaya ni hatari kuliko kuuza mapema. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, katika mahindi ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Gairo inapakana na Dodoma. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na haiondoki kwa kupika ugali.

Mahindi yasigusane na udongo kuanzia yanapovunwa. Yaanikwe kwenye turubai au kichanja, yapukuchuliwe bila kupigwa kwa fimbo kwa nguvu inayovunja punje, kisha yapepetwe na kuchambuliwa ili punje zilizovunjika, zilizooza na zilizobadilika rangi zitolewe. Unyevu unaotakiwa kwa mahindi ya kuhifadhi hauzidi asilimia 13.5. Kipimo cha kielektroniki ndicho cha uhakika, na vijiji vinne vinaweza kununua kimoja kwa pamoja. Wakati hamjakipata, tumieni chumvi: chukueni chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, tieni mahindi hadi robo ya chupa, ongezeni vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, fungeni, tikiseni kwa dakika moja, kisha mwiache chupa itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kufungwa. Isipoganda, unyevu uko chini ya hapo, lakini haina maana kwamba umefika 13.5, na kwa sababu hiyo yapeni jua la siku moja au mbili zaidi kabla ya kuyafunga.

Kwa kaya na vikundi vidogo, mifuko isiyopitisha hewa inayojulikana kwa jina la PICS inafaa kuliko dawa ya unga. Ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba cha nje. Pulizeni kila mfuko wa plastiki ili kuona kama una tundu, jazeni kidogo kidogo huku mkishindilia, toeni hewa, sokoteni shingo ya mfuko, ikunjeni na muifunge kwa kamba, kila mfuko peke yake. Dumuzi na fukusi waliomo humaliza hewa ya oksijeni na kufa. Kila mfuko unapofunguliwa hewa inaingia upya, na kwa hiyo msizoee kuufungua ili kuangalia tu. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, na panya wadhibitiwe, kwani meno ya panya mmoja yanatosha kuharibu kazi yote hiyo.

Mboga zinahitaji mbinu tofauti, ambayo ni ratiba. Mkulima wa Mgeta asipande kabichi wiki moja na majirani zake wote. Gawaneni wiki za kupanda kulingana na mahitaji mliyoyaandika, vuneni alfajiri, na msafirishe kwa matenga au kreti badala ya viroba. Masika hukata barabara za mlimani, na kamati iwe imepanga mapema kwamba kuanzia Machi hadi Mei shule zitapewa zaidi mboga za bondeni pamoja na mboga za majani zilizokaushwa.

Udongo, maji na mifugo

Mfumo wa chakula wa Morogoro unaning'inia kwenye milima ya Uluguru. Mto Ruvu unaoanzia huko ndio unaoinywesha Dar es Salaam, na udongo unaotoka kwenye miteremko ya karibu na mji huishia katika bwawa la Mindu, chanzo cha maji cha Manispaa ya Morogoro. Kwa hiyo tuta la mkulima wa mlimani linamhusu mtu wa mjini asiyemjua, na ni haki mtu wa mjini achangie. Jambo hilo limewahi kujaribiwa: katika mradi wa mashirika ya CARE na WWF huko Kibungo Juu, wakulima walilipwa fidia kwa kuhifadhi ardhi, na mamlaka ya maji ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa walipaji. Kikundi chenu kinaweza kuanza na hatua ndogo zaidi, kwa mfano kukubaliana na wanunuzi wa mjini kwamba shilingi kadhaa za kila kilo ziende kwenye mfuko wa miche na majani ya kufunika udongo.

Msilazimishe. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi chini ya mpango wa matumizi ya ardhi ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mahali pengi udongo wa juu ulikuwa mwembamba, matuta yakafukua udongo usio na rutuba, na mwaka 1955 ghasia za Matombo zilimalizika kwa mtu kupigwa risasi na kufa, mpango wenyewe ukaachwa. Kumbukumbu hiyo bado ipo. Zingatieni pia kwamba katika mila ya Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, na kwamba aliyeazimwa shamba akipanda miti huweza kuonekana anajimilikisha. Kabla ya kugawa miche ya miparachichi au mikarafuu, kaeni na wazee wa ukoo, andikeni mti ni wa nani na ardhi ni ya nani.

Bondeni, hasa Kilosa na Mvomero, suala kuu ni mifugo. Mkulima anahitaji samadi na mfugaji anahitaji mabua na malisho ya kiangazi, na bado mara nyingi hukutana kituo cha polisi. Shirika la Kilimo Endelevu Tanzania, SAT, lenye makao yake Morogoro na kituo cha mafunzo Vianzi, limekuwa likiwakutanisha wakulima na wafugaji wabadilishane vitu hivyo, na ni vyema kwenda kujifunza hapo kabla ya kubuni utaratibu wenu. Kwa ufupi, mambo ya kuandikwa ni tarehe ambayo mifugo inaruhusiwa kuingia katika mashamba yaliyovunwa, njia itakayopita, idadi ya mikokoteni ya samadi, na kiwango cha fidia kilichokubaliwa kabla mazao hayajaliwa.

Mkitaka kuuza mazao ya kilimo hai kwa alama ya Kilimohai, iliyotokana na kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, hamlazimiki kulipia mkaguzi wa nje. Upo utaratibu wa wakulima kukaguana wao kwa wao, ambapo wanachama hutembeleana mashambani kwa kutumia fomu moja na mnunuzi hualikwa kushuhudia. Una manufaa hata pale alama yenyewe isipotafutwa, kwa sababu kutembeleana shambani hufundisha kuliko semina.

Fedha na bei

Mkulima akikabidhi mahindi anahitaji fedha siku hiyohiyo. Hapo ndipo wanunuzi wa mazao yaliyo bado shambani wanapopata nguvu, kwa biashara inayoitwa butura kule Kagera kwenye kahawa. Njia iliyozoeleka katika ushirika ni malipo ya kwanza, tuseme asilimia 60 ya bei ya siku, yanayotumwa kwa simu baada ya kupima, na malipo ya pili baada ya mauzo, gharama zikiwa zimetolewa na kuandikwa. Mtaji wa malipo ya kwanza unaweza kutoka katika hisa za wanachama, katika VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, au katika mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Msianze kwa kukopa zaidi ya thamani ya mzigo ulioko ghalani.

Kuhusu bei kwa shule na migahawa, kubalianeni juu ya kanuni, kwa kuwa tarakimu itawageuka. Kwa mfano, bei iwe wastani wa magulio mawili ya mwisho pamoja na gharama ya usafiri, ikiwa na sakafu na dari ambazo pande zote mbili zimesaini. Sakafu inamlinda mkulima mwezi Agosti, dari inailinda shule mwezi Februari. Kagueni pia ushuru wa mazao mnaodaiwa njiani: mwaka 2017 serikali ilifuta ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine, na wasafirishaji wadogo wengi hawakuambiwa.

Mwanachama mmoja au wawili watauza pembeni bei ikipanda. Katiba iseme mapema kitakachotokea. Adhabu nyepesi inayotekelezwa, kama kupoteza malipo ya pili ya msimu huo, inafaa kuliko kufukuzwa kunakotangazwa na kusamehewa.

Kufungua ghala

Tengeni sehemu ya nafaka, hata gunia moja katika kila kumi, isiyouzwa nje ya vijiji vyenu hadi mavuno mapya yaonekane. Siku ya kuifungua, kwa kawaida mwishoni mwa Januari, pimeni kila gunia tena kwa mizani ileile mliyotumia Agosti, andikeni upungufu karibu na uzito wa kwanza, na msome zote mbili hadharani kabla ya kuuza. Kaya zilizoorodheshwa na kitongoji kuwa hazina chakula zihudumiwe kwanza, kwa kilo zilizowekewa kikomo, kwa bei iliyopangwa na mkutano mkuu. Kinachobaki kiuzwe kwa wanachama, kisha kwa mamantilie na magenge ya kata, na fedha zirudi benki siku hiyohiyo ili zisubiri malipo ya kwanza ya msimu unaofuata.